Afya ya mifupa na ukomo wa hedhi (Tarime na Serengeti)

Kulinda mifupa wakati wa ukomo wa hedhi ni suala la tiba, chakula na kazi za kila siku. Linawahusu wanawake waliofikia mwisho wa umri wa kuzaa, ambao mifupa yao huanza kupungua uzito na uimara kwa sababu ya kushuka kwa homoni ya estrojeni. Upungufu huo ukizidi huitwa osteoporosisi. Katika wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, ugonjwa huu kwa kawaida hutambuliwa mtu akishavunjika.

Wilaya na wakazi

Tarime inapakana na Kenya upande wa kaskazini. Serengeti, ambayo makao yake makuu ni Mugumu, inagusana na hifadhi ya taifa yenye jina hilo. Katika sensa ya 2012 Tarime ilikuwa na watu 339,693 na Serengeti 249,420. Wakurya ndio wengi. Serengeti wapo pia Wangoreme, Waikoma, Wanata na Waisenye. Wilaya ya Rorya ilimegwa kutoka Tarime mwaka 2007, hivyo maandishi ya zamani yanaposema Tarime yanajumuisha pia ukanda wa ziwa.

Mfupa unavyopungua

Mfupa hai hubomolewa na kujengwa upya maisha yote. Ujenzi hushinda ubomoaji hadi kwenye miaka ya ishirini na kitu. Akiba iliyowekwa kufikia hapo ndiyo inayotumiwa uzeeni. Estrojeni huzuia seli zinazobomoa mfupa zisipite kiasi. Inaposhuka, ubomoaji hutangulia.

Mwanamke huhesabiwa amefikia ukomo wa hedhi baada ya miezi 12 mfululizo bila kuona siku zake, kwa kawaida kati ya umri wa miaka 45 na 55. Hata hivyo mfupa hausubiri hesabu hiyo. Upotevu huanza kushika kasi mwaka mmoja hivi kabla ya hedhi ya mwisho, huendelea kwa kasi miaka miwili mitatu inayofuata, kisha hupungua mwendo bila kukoma. Aliyetolewa ovari zote mbili kwa upasuaji huingia katika hali hiyo ghafla, hata akiwa kijana.

Ugonjwa wenyewe hauumi mpaka mfupa uvunjike. Sehemu zinazovunjika zaidi ni kifundo cha mkono, pingili za uti wa mgongo na nyonga. Pingili zinaweza kubonyea polepole bila mtu kuanguka; kimo hupungua, mgongo hupinda, na jamaa husema ni uzee tu. Mwaka 1994 Shirika la Afya Duniani liliweka mpaka unaotumika hadi sasa: osteoporosisi ni uzito wa mfupa ulio chini ya wastani wa wanawake vijana kwa vipimo 2.5 vya mchepuko sanifu au zaidi, ukipimwa kwa mashine ya eksirei ya DXA.

Baadhi ya dawa huongeza upotevu. Steroidi zinazotumiwa muda mrefu ndizo mbaya zaidi. Sindano ya uzazi wa mpango ya miezi mitatu hupunguza uzito wa mfupa wakati inatumika, nao hurudi kwa sehemu kubwa baada ya kuacha. Tenofovir, iliyomo katika vidonge vya ARV vinavyotumiwa na wengi nchini, nayo hupunguza kidogo. Faida yake ni kubwa kuliko hasara hiyo, wala si sababu ya mtu kuacha dawa. Kunyonyesha hutoa kalsiamu kwenye mifupa ya mama, lakini mifupa hiyo hujijaza tena mtoto akiachishwa ziwa.

Chakula

Katika suala hili Mara ina utajiri ambao mezani haujulikani. Ulezi, nafaka ya zamani ya Wakurya kwa ugali, uji na pombe, una zaidi ya miligramu 300 za kalsiamu katika gramu 100. Mahindi makavu, ambayo pamoja na muhogo yameushinda ulezi katika masufuria mengi, hayafikishi hata 20. Ni kweli kwamba ulezi una asidi ya fitiki inayozuia sehemu ya kalsiamu isifyonzwe, lakini kuuotesha au kuuchachusha, kama wafanyavyo wapika togwa na pombe siku zote, hupunguza kizuizi hicho.

Maziwa ni nguzo ya pili. Kikombe cha robo lita kina karibu miligramu 300 za kalsiamu, na mtindi haupungukiwi, tena huwafaa wale ambao maziwa mabichi huwasumbua tumbo. Lakini ng'ombe si maziwa: katika boma lenye mifugo mingi, maziwa machache ya kiangazi hupewa watoto kwanza, mengine huuzwa, na mama wa makamo hubaki na chai. Ng'ombe wenyewe huhesabiwa zaidi kwa mahari kuliko kwa lishe.

Dagaa wa Ziwa Victoria, ambao huletwa kavu kutoka Musoma na pwani ya Rorya, huliwa na mifupa yao, na kwa bei ya mafungu ya sokoni hakuna chanzo cha kalsiamu na protini kinachowakaribia. Sehemu kubwa ya dagaa hao huishia viwanda vya chakula cha kuku. Mgagani una kalsiamu nyingi; mchicha unayo pia, ila asidi ya oksali iliyomo huifunga.

Muhogo una historia yake ya kusikitisha katika eneo hili. Mwaka 1985, wakati wa ukame, Tarime ilikumbwa na mlipuko wa konzo, kupooza kwa miguu kunakoletwa na sayanidi ya muhogo mchungu usioandaliwa vizuri, kwa watu ambao mlo wao hauna protini ya kutosha. Uchunguzi wa William Howlett na wenzake, uliochapishwa katika jarida la Brain mwaka 1990, unabaki kati ya kazi zinazotajwa zaidi juu ya ugonjwa huo duniani. Konzo ni ugonjwa wa mishipa ya fahamu, si wa mifupa. Unatajwa hapa kwa sababu ulionyesha wazi kilichotokea pale sahani ilipobaki na muhogo peke yake.

Jua na kazi

Wilaya hizi ziko kati ya nyuzi moja na mbili na nusu hivi kusini mwa ikweta, na kwa jua la huko vitamini D, ambayo ngozi huitengeneza kwa jua na mwili huihitaji ili kufyonza kalsiamu, si tatizo la mkulima. Utafiti wa Martine Luxwolda na wenzake, uliotolewa mwaka 2012, uliwapima Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania na kukuta wastani wa nanomoli 115 kwa lita, kiwango ambacho Wazungu wengi hawakifikii. Anayeshinda ndani ya duka au ofisi hana faida hiyo.

Kulima, kutwanga na kutembea hujenga mfupa, kwa kuwa mfupa huimarika unapobebeshwa uzito. Kwa mwanamke ambaye pingili zake zimeshaanza kubonyea, ndoo ya lita 20 kichwani au mzigo mkubwa wa kuni mgongoni ni hatari. Mila ya nyumba ntobhu, ambapo mwanamke mtu mzima, mara nyingi asiye na mtoto wa kiume, humwoa binti ili apate watoto na msaada, humpunguzia kazi hizo. Mzigo humwangukia huyo binti.

Kitendawili cha Gambia

Mwaka 1996 Terry Aspray na wenzake walieleza kwamba wanawake wazee wa vijijini Gambia wana madini machache mifupani, lakini huvunjika kwa nadra. Louis Solomon alikuwa ameshaona jambo la aina hiyo Afrika Kusini mwaka 1968, alipohesabu mivunjiko michache sana ya nyonga kwa Waafrika. Huko Keneba, Gambia, kinamama wajawazito waliozoea kalsiamu kidogo walipopewa vidonge vyake kwa wingi, mifupa yao baadaye ilikutwa na madini pungufu kuliko ya wenzao ambao hawakupewa. Fundisho kwa Mara ni kwamba kuagiza vidonge kwa kufuata kipimo cha Marekani, miligramu 1,200 kwa siku baada ya umri wa miaka 50, si busara iliyothibitishwa kwa kila mwili. Wala mivunjiko michache ya jana haiwalindi wanawake wa leo, wanaoishi miaka mingi zaidi na kufanya kazi za kukaa.

Kuanguka

Nyonga nyingi huvunjika kwa kuanguka: utelezi wa masika, mtoto wa jicho, safari ya chooni usiku. Tochi na fimbo ni kinga.

Tiba

Dawa kuu ni za kundi la bisfosfoneti, kama alendroneti, ambayo humezwa asubuhi kabla ya kula, kwa glasi ya maji, na mtu asilale kwa nusu saa. Tiba ya homoni hupunguza mivunjiko, lakini utafiti mkubwa wa Marekani uliositishwa mwaka 2002 ulionyesha kuwa mchanganyiko wa estrojeni na projestini huongeza kiharusi na saratani ya matiti. Pombe nyingi na tumbaku hudhoofisha mfupa.

Huduma

Hospitali za karibu ni ya Tarime mjini na ya Nyerere huko Mugumu; Shirati, ambako wamisionari wa Kimenoniti walifika mwaka 1934, iko Rorya. Rufaa ya kanda ni Bugando, Mwanza. Eksirei ya kawaida huonyesha mfupa uliovunjika, lakini huchelewa kuonyesha uliopungua, na kipimo cha DXA si huduma ya hospitali ya wilaya. Waunga mifupa wa jadi bado hutafutwa kwa mkono na mguu. Kwa nyonga hawana msaada.

Kliniki ya mama na mtoto humhudumia mwanamke akiwa bado anazaa. Msamaha wa malipo kwa wazee wasio na uwezo huanza akifikisha miaka 60. Miaka ambayo mfupa hupotea kwa kasi zaidi iko katikati, na katika miaka hiyo hakuna kliniki inayomwita.