Habari za Wenye Pikipiki wa Milima ya Amani, na Asili ya Umoja Wao

Watu wengi huuliza, Je, umoja huu wa vijana wa pikipiki umetoka wapi? Wazee wengine hunena kwamba ni jambo geni, limekuja pamoja na chombo chenyewe kutoka ng'ambo. Lakini mtu akizitazama vema habari za nchi yetu ataona kwamba sivyo. Chombo ni cha kigeni, kweli. Umoja ni wa kwetu, tena ni wa zamani kuliko reli. Basi nataka kusimulia jinsi watu walivyosafiri katika nchi hii ya Tanga, na jinsi pikipiki ilivyokuja, na desturi za wenye pikipiki siku hizi. Mwisho nitasema neno juu ya hatari iliyomo katika umoja huo, maana kila kitu chenye nguvu kina hatari yake.

Hapo kale, kabla ya reli, mizigo yote ilichukuliwa kichwani na mabegani. Misafara ilitoka Pangani na Tanga ikaelekea Upare na Kilimanjaro na nchi ya Wamasai, kutafuta pembe. Mzigo wa mpagazi ulikuwa kama frasila mbili, yaani kilo 30 na zaidi. Mbele alitangulia kirangozi, mtu aijuaye njia, na wengine walimfuata mmoja nyuma ya mmoja. Jioni walipotua, wapagazi hawakukaa ovyo. Waligawanyika makambi madogo madogo, na watu wa kambi moja walikula chungu kimoja. Mmoja akiugua, wenziwe ndio waliokuwa ndugu zake. Ndiyo maana utani wa makabila ulipata nguvu sana katika misafara, kama ule wa Wanyamwezi na watu wa pwani. Kwa kuwa mtani ana haki ya kukucheka, naye pia ana wajibu wa kukuzika. Mtu aliye mbali na kwao alihitaji mtu wa namna hiyo kuliko fedha.

Mwaka 1885 huko Ujerumani, Gottlieb Daimler na mwenziwe Wilhelm Maybach walitengeneza chombo cha mbao chenye magurudumu na injini, nacho ndicho wengi wanachokihesabu kuwa pikipiki ya kwanza duniani. Husimuliwa kwamba kilipojaribiwa kiti kilishika moto, maana injini ilikuwa chini yake. Mwaka ule ule wa 1885 Kaisari wa Ujerumani alitoa barua ya kuziweka nchi za Uzigua, Nguru, Usagara na Ukami chini ya ulinzi wake, wala wenyewe wa nchi hizo hawakuulizwa vizuri. Basi chombo kile na utawala ule ni kama watu wa rika moja, ila utawala ulifika kwetu mapema, na chombo kilichelewa.

Mwaka 1893 Wajerumani walianza kujenga reli kutoka Tanga, ikafika Muheza mwaka 1896. Mwaka 1902 walianzisha huko Amani chuo chao cha kuchunguza mimea na kilimo. Kisha ikajengwa reli nyembamba kutoka Tengeni mpaka Sigi, chini ya mlima, kwa ajili ya kuteremsha mbao. Reli hiyo ndogo imekwisha kung'olewa zamani. Lakini hata ilipokuwako, mwanakijiji wa juu hakupata nafuu kubwa. Mzigo wake wa iliki au wa ndizi ulishuka kichwani mwa mkewe, na mgonjwa wake alishuka kwa machela, vijana wakipokezana usiku kucha.

Katika vita ya kwanza ya dunia, mwaka 1916, Jenerali Smuts alipoingia na majeshi yake, palikuwapo kikosi cha wapanda pikipiki kutoka Afrika Kusini. Baada ya vita, siku za Waingereza, pikipiki zilikuwa chache: za mabwana wa mashamba, watu wa serikali na wamisioni. Watu walizipa jina kwa kuusikiliza mlio wao, na jina hilo limebaki hata leo. Baada ya Uhuru wa mwaka 1961 zilikuja pikipiki za Japani, za Honda na Yamaha na Suzuki, zikapandwa na bwana shamba, bwana afya, padre, na baadaye mratibu wa elimu wa kata. Mwenye pikipiki wa siku hizo alikuwa mtu wa heshima, lakini alikuwa peke yake. Akipata pancha kati ya Sigi na Amani alikaa kando ya njia mpaka Mungu amletee mtu. Watoto walimkimbilia kumtazama, wala hapakuwa na mwenziwe wa kumwazima pampu. Hapo twaona kwamba pikipiki yenyewe haileti umoja.

Umoja ulikuja pikipiki ilipokuwa kazi ya watu wengi. Neno bodaboda lilianzia Busia, mpakani mwa Kenya na Uganda, katika miaka ya 1960. Huko vijana wenye baiskeli walichukua watu na mizigo kutoka mpaka mmoja hata wa pili, wakiwaita abiria kwa neno la Kiingereza la mpaka. Katika miaka ya 1990 huko Uganda pikipiki zikaingia mahali pa baiskeli. Kwetu mambo yaligeuka baada ya mwaka 2000, zilipoanza kuja pikipiki za bei nafuu kutoka China, kama Toyo na Sanlg, na baadaye za Kihindi, yaani Boxer na TVS. Injini zake ni ndogo, za sentimita za ujazo 100 mpaka 150, lakini zina nguvu ya kupanda mlima na mtu na gunia lake. Mwaka 2010 serikali ilitoa kanuni za leseni za usafiri wa pikipiki, na kazi iliyokuwa ikifanywa kwa kujificha ikawa kazi halali.

Tazameni sasa njia ya Amani. Kutoka Muheza ni zaidi ya kilomita 30, na mwisho wake ni mita 900 hivi juu ya bahari. Njia yapita penye michungwa na minazi, kisha yaingia msitu uliohifadhiwa kwa sheria tangu mwaka 1997, ikizunguka kona baada ya kona mpaka penye mashamba ya chai. Wakati wa masika udongo huwa kama sabuni. Huko ndiko vijana wetu wapitishako iliki, karafuu, mdalasini na pilipili manga. Hushusha ndizi, hupandisha saruji na mabati. Huchukua mwalimu aliyehamishwa pamoja na godoro lake. Huchukua mama mwenye uchungu usiku, na mumewe hufuata kwa pikipiki ya pili. Tena hupeleka habari za msiba kwa jamaa walio bondeni. Na kwa kuwa ndugu zetu Waislamu huzika upesi, mara nyingi siku ile ile, habari isiyokimbizwa humkosesha mtu kumwona nduguye mara ya mwisho.

Sasa nitaeleza desturi zao. Mahali wakaapo huitwa kijiwe, na mara nyingi ni chini ya mti au kibarazani mwa duka. Kila kijiwe kina mwenyekiti, katibu na mtunza fedha, waliochaguliwa na wenyewe. Kijana mgeni haingii hivi hivi. Huulizwa kwao ni wapi, pikipiki ni ya nani, na nani amjuaye. Kisha hutoa ada ya kuingia. Abiria huchukuliwa kwa zamu, ila mwenye mteja wake wa siku zote hachukiwi. Wakikaa kungoja, hucheza drafti, husafisha plagi, hutaniana juu ya mpira na juu ya pikipiki za wenziwao. Muislamu na Mkristo hukaa benchi moja, Msambaa na Mbondei na Mdigo pia, na mtu aliyetoka Kigoma kufanya kazi katika chai.

Sheria kubwa ya njia ni hii: usimpite mwenzio aliyesimama. Ukimwona ameinamia gurudumu, hata kama una abiria, sharti upunguze mwendo na kuuliza. Mwenye petroli humgawia asiye nayo chupa moja, nayo hurudishwa siku nyingine bila kuandikiana. Penye tope zito hungojana, wakavusha pikipiki moja moja, wawili wakisukuma na mmoja akishika usukani. Wakiisha kuvusha ya mwisho ndipo waendapo. Hiyo ndiyo msaragambo wa babu zetu, imepata magurudumu.

Ya pili ni akiba. Kila siku au kila juma hutoa kidogo, kingine kikawa upatu wa kupokezana, na kingine kikawa cha matatizo. Mwenzao akivunjika mguu, fedha hiyo humpeleka hospitali, na wengine hupita nyumbani kwake kuuliza watoto wamekula nini. Akifa, wote husimamisha kazi. Hutangulia mbele ya jeneza kwa msururu mrefu, taa zikiwaka mchana, honi zikilia, na matawi ya miti yamefungwa mbele. Mtu aonaye msururu ule asiseme ni kelele za vijana. Ni kambi ya wapagazi, inamzika mtu wake.

Lakini si wote waitwao wenye pikipiki walio na pikipiki. Wengi ni wapandaji tu, na chombo ni cha tajiri. Kila jioni mpandaji hupeleka fedha iliyokubaliwa, nayo huitwa hesabu. Iliyozidi ndiyo yake. Wengine hufanya mkataba: hupeleka hesabu kubwa zaidi kwa muda wa mwaka na zaidi, kisha pikipiki huwa mali yao. Siku ya kumaliza mkataba ni sikukuu. Kijana huiosha pikipiki mtoni mpaka ing'ae, na wenziwe humlaki kwa honi. Nalo jambo hili la hesabu lina uzito kuliko tudhanivyo. Asiyemaliza hesabu hukimbia. Akikimbia hupakia watu wawili au watatu, jambo liitwalo mishikaki, kinyume cha sheria. Huendesha usiku na macho mazito. Humkatalia mwenzio zamu yake. Basi tukilaumu mwendo wa kijana, tumkumbuke pia tajiri aliyekaa barazani akitazama saa.

Sasa neno la hatari. Kazi hii inaua. Hakuna kijiji cha njia hii kisichomjua kijana aliyezikwa au aliyebaki na mguu mmoja. Wengine wamevamiwa usiku na abiria wasiowajua, wakauawa kwa ajili ya pikipiki. Kwa sababu hiyo vijiwe vyenye busara vimeweka desturi njema: mtu akipata safari ya mbali usiku, humwambia mwenzio aendako na amchukuaye, na ikiwa amechelewa kurudi hufuatwa.

Lakini umoja ule ule wa kumfuata aliyepotea huweza kugeuka kuwa ghadhabu. Gari likigongana na pikipiki, mara vijana ishirini wamefika, wala hawaulizi nani mwenye kosa. Humtaka dereva wa gari. Mtu akishutumiwa kuiba pikipiki, wako waliopigwa hata kufa pasipo hukumu, na wengine hawakuwa wezi. Je, huo ndio umoja wa msafara? Sivyo. Wapagazi hawakukaa pamoja ili wawatishe wenyeji wa njiani. Walikaa pamoja ili mzigo ufike na watu wafike. Kirangozi hakuchaguliwa kwa ukali wake, bali kwa kuijua njia.

Na hili ndilo nitakalo mlishike, hasa ninyi wazazi wenye vijana vijiweni, na ninyi vijana wenyewe. Kijiwe kina nguvu ambayo askari wa barabarani hana. Askari humwona mpandaji mara moja kwa juma. Wenziwe humwona kila saa. Katibu awezaye kumtoza mtu faini kwa kuruka zamu aweza pia kumtoza kwa kupanda bila kofia ngumu, au kwa kupakia mishikaki, au kwa kushika usukani amelewa. Mtunza fedha awezaye kukusanya za maziko aweza kukusanya za leseni na bima ya wasio nazo, tena hizo ni rahisi kuliko jeneza. Na mwenyekiti awezaye kuwaita watu ishirini kwa honi moja aweza kuwaambia watu ishirini wasimame, mikono chini, mpaka polisi afike.

Yako vijiwe vilivyoanza kufanya hivyo, na watu huvijua. Mama akitaka kumtuma mtoto shule ya mbali huchagua kijiwe kile na kukipita kingine, ijapokuwa nauli ni ile ile. Basi sifa hiyo ni mtaji kuliko pikipiki mpya. Wahenga walisema, Umoja ni nguvu. Lakini nguvu ni kama injini, haiuchagui mlima wala shimo. Achaguaye ni yule ashikaye usukani.