Kikombe Kingine cha Mwaka 2011 (Sehemu ya 3)

Tuendelee na mfululizo wetu wa dawa za kulevya. Kuna swali wazazi huniuliza sana: "Nesi, hii methadoni wanayokunywa vijana kliniki ilitoka wapi, na mbona ni bure?" Leo nalijibu, maana linamhusu hata mama ambaye nyumbani kwake hakuna teja.

Turudi nyuma kidogo. Heroini, yaani unga, iliingia pwani yetu miaka ya 1980. Mwanzoni watu waliivuta, wengine wakiichanganya na bangi na tumbaku, wakaita kokteli. Kuelekea mwaka 2000 ukaja unga mweupe unaoyeyuka upesi kwenye maji, na sindano zikaanza kuonekana vichochoroni. Kwa wengi wetu teja alikuwa mtu wa kukamatwa, wa kuombewa, au wa kupigwa kwa wizi. Nani angemhesabu kama mgonjwa?

Waliomhesabu ni watafiti. Watu wa Muhimbili na wenzao wa Chuo Kikuu cha Texas walikwenda maskani, Dar es Salaam, wakakaa na watumiaji na kuwauliza wanaishije. Fedha zilitoka taasisi ya Marekani ya utafiti wa dawa za kulevya, ambayo nayo inaitwa NIDA (sio NIDA ya vitambulisho, jamani!).

Mwaka 2005 ikachapishwa habari iliyotisha wengi. Baadhi ya wanawake waliokuwa wakijidunga, wakimwona mwenzao anaumwa arosto na hana hela, walivuta damu yao wenyewe kwenye sindano mara tu baada ya kujidunga, wakampa ajidunge. Waliamini ina unga ndani yake. Ilikuwa huruma, mama, lakini ni njia ya moja kwa moja ya kupitisha virusi. Na wanawake wale wana wapenzi, wana wateja, wanabeba mimba. Vipimo vilivyofuata kwa mamia ya wanaojidunga vilikuta karibu wanne kati ya kila kumi wana VVU, na wanawake wameathirika kuliko wanaume.

Namba hizo ndizo zilizofungua milango. Huwezi kwenda kwa serikali au mfadhili ukasema "hali ni mbaya" ukapewa kliniki. Unaulizwa: wangapi, wapi, kwa njia gani?

Mwaka 2011 mnaukumbuka, nchi nzima ilikuwa inakimbilia kikombe cha Babu kule Loliondo. Mwaka huo huo, Februari, kikombe kingine kilianza kunywewa Muhimbili bila kelele nyingi. Ni methadoni ya maji, mgonjwa anakunywa kila siku mbele ya mhudumu. Inazuia arosto bila kumlewesha, akili inatulia, mtu anarudi kazini na kwa watoto wake. Serikali ilishirikiana na mfuko wa PEPFAR wa Marekani. Baadaye zikafuata Mwananyamala, Temeke na kwingineko.

Sasa sikilizeni hapa. Mgonjwa hakuanza kwa kujipeleka getini. Aliletwa na vikundi vya jamii, waelimishaji rika, wengine wao walioacha unga wenyewe. Wao ndio wanajua maskani iko wapi na nani anaaminika. Utafiti wa kliniki ukaonyesha tena jambo: wanawake waliofika walikuwa wachache mno, lakini waliofika walidumu kwenye dawa kuliko wanaume. Maana yake kazi kubwa iko mtaani, kumfikia dada aliyejificha kwa aibu.

Na hapo ndipo hela inapokuwa nyembamba. Daktari ana mshahara. Kikundi cha mtaani kinaishi kwa ruzuku, na ruzuku ina tarehe ya mwisho. Januari 2025 Marekani ilipositisha misaada ya nje kwa siku 90, kila anayefanya kazi hizi alijua posho ya nani ipo hatarini kwanza. Dawa inaweza kubaki kabatini, ila anayemleta mgonjwa akikaa nyumbani, kabati halimtibu mtu.

Kwa hiyo mzazi, ukisikia mkutano wa mtaa au bajeti ya halmashauri inajadiliwa, uliza: hapa kwetu nani anawafikia vijana wa unga, na analipwa na nani? Na akija mtafiti na karatasi zake, muulize majibu atayarudisha wapi, halafu mjibu ukweli. Majibu ya wale kina dada wa maskani yalimfikia hata mtoto ambaye hakuwa amezaliwa.

Jambo la mwisho, la kiuuguzi. Mjamzito anayetumia heroini asiache ghafla peke yake, ni hatari kwake na kwa mimba. Mpeleke kliniki, methadoni anaweza kupewa akiwa mjamzito. Mpeleke bila kumtukana.

Sehemu ya 4 tutaongelea mtoto anayezaliwa na mama aliye kwenye methadoni. Maswali yaleteni.