Fremu ni za Nani? Hoja Dhidi ya Kampuni kama Dawa ya Ubia wa Majengo Kariakoo

Mwenye kiwanja Kariakoo anapokutana na mwenye mtaji, ushauri wa kwanza wanaopewa ni mmoja: fungueni kampuni. Makala haya yanadai kwamba ushauri huo unatibu ugonjwa ambao si ule unaowaua wabia wengi.

Kuhusu hatari ya ubia wa maneno matupu hakuna ubishi. Mali bila daftari hupotea bila habari. Chini ya Sheria ya Mikataba (Sura ya 345), wabia hubebeshana madeni ya biashara yao, hivyo deni la nondo na saruji alilokopa mjenzi laweza kubisha hodi kwa mwenye kiwanja. Hadi hapo watetezi wa kampuni, inayotenga madeni ya biashara na mali za wabia, wako sahihi. Wanateleza wanaposahau upande wa pili wa kanuni hiyohiyo. Tangu kesi ya Salomon ya Uingereza ya mwaka 1897, kampuni ni mtu kamili mbele ya sheria. Familia ikihamishia kiwanja kwenye kampuni, inabaki na hisa tu, na hisa zikiwa chache itapigiwa kura juu ya ardhi kilipozikwa kitovu cha babu yao.

Tutazame mgawanyo wenyewe kwa mfano. Nyumba ya Kiswahili ya vyumba sita, yenye ukumbi katikati na uani nyuma, inavunjwa. Panasimama jengo la sakafu sita. Mkataba unasema nusu kwa nusu: tatu zangu, tatu zako. Mjenzi anachukua ya chini na mbili za juu. Tuseme chini kuna fremu 10 za maduka, kila moja ikipangishwa kwa shilingi milioni 1 kwa mwezi, na kila sakafu ya juu ina fleti nne za shilingi laki 5. Jengo zima linaingiza milioni 20. Mjenzi anapata milioni 14, familia milioni 6. Nusu ya sakafu imekuwa asilimia 30 ya pango, na hakuna aliyeiba.

Atakayejibu kwamba kampuni ingeweka pango lote kapu moja ana hoja. Lakini gawio hupendekezwa na wakurugenzi, baada ya kukatwa mkopo wa ujenzi na gharama ambazo mara nyingi huandikwa na yuleyule aliyejenga. Mwenye fremu ana ufunguo mfukoni. Mwenye hisa anasubiri mkutano.

Sheria ya ardhi ina njia iliyo karibu zaidi. Kifungu cha 159 cha Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 kinaruhusu kila mbia awe na fungu lake lisilogawanywa. Akitaka kumpa mtu wa nje fungu hilo, anahitaji ridhaa ya maandishi ya wenzake, nao hawaruhusiwi kuinyima bila sababu ya msingi. Jengo likikamilika, Sheria ya Umiliki wa Sehemu za Majengo ya mwaka 2008 inawezesha kila fremu na kila fleti kuwa na hati yake. Kwa pamoja, sheria hizi mbili zinaufanya ubia uwe wa ujenzi peke yake: unazaliwa na msingi, unakwisha hati zinapotoka. Kinachobaki kuandikwa ni nani anunue kwanza mmoja akitaka kutoka, thamani ipangwe na nani, na fungu la marehemu lisimamiwe vipi kabla warithi hawajakubaliana.

Njia hii haimfai kila mtu. Asiye raia hupata ardhi kwa ajili ya uwekezaji tu, na kwake kampuni huenda isikwepeke. Majengo ya ofisi yenye mpangaji mmoja nayo hayana fremu za kugombewa. Kwa Kariakoo, hata hivyo, nathubutu kwenda mbali zaidi: mkataba wa ubia usiotaja fremu moja moja kwa namba yake haujagawa chochote, hata ukiwa na mihuri ya mawakili wawili.