Siku Mbili Mji Mkongwe: Vijana wa Arash na Siri ya Shanga za Bibi Zao

Kutoka Arash, kule wilayani Ngorongoro, mpaka Mji Mkongwe wa Zanzibar si mchezo. Unapanda gari mpaka Arusha mjini, unashika basi la Dar, halafu boti. Vijana tisa wa Kimaasai walifunga safari hiyo yote kwa ajili ya siku mbili tu. Wasichana wanne, wavulana watano, shuka mabegani, simu mkononi.

Wakashuka bandarini, na kabla hawajaupiga picha mji, watu wakaanza kuwapiga picha wao. Mtalii mmoja akamsogelea binti na kuuliza shanga za shingoni bei gani. Yaani watu wamekuja kutembea, wanadhaniwa ni wauzaji! Ni kweli Zanzibar wapo Wamaasai wengi wanaouza urembo na kulinda hoteli, na kazi ni kazi. Ila wengi wanamchukulia Mmaasai kama pambo la ufukweni tu, mtu asiye na historia yoyote na mji huu. Kumbe anayo, tena nzito.

Mwongoza watalii, mzee mmoja mcheshi, alianza na yale ya siku zote. Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kuwang'oa Wareno. Beit el Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, ambalo sehemu yake iliporomoka tarehe 25 Desemba 2020. Halafu vita ya tarehe 27 Agosti 1896: meli za Waingereza zilipiga kasri kwa mizinga, na chini ya dakika 45 kila kitu kikawa kimekwisha. "Hata mechi haifiki nusu ya kwanza!" akasema mmoja wao, wote wakacheka.

Mkunazini kicheko kikaisha. Hapo ndipo palipokuwa na soko la watumwa, lililofungwa mwaka 1873 kwa mkataba ambao Barghash aliutia sahihi akibanwa na Waingereza. Palepale likajengwa kanisa la Anglikana. Nje kuna shimo lenye sanamu za watu waliofungwa minyororo shingoni. Hakuna aliyepiga selfie. Kijana mmoja aliyekuwa anarekodi tangu bandarini akairudisha simu mfukoni.

Wakati wanatoka, binti yule wa shanga akauliza swali.

"Shikamoo mzee. Tumesikia ya Wareno, masultani na Waingereza. Na umesema pembe za ndovu ndizo zilizoutajirisha mji huu. Mbona kisiwani hakuna tembo?"

Mzee akatabasamu. "Marahaba mwanangu. Zilitoka bara. Nyingine huko huko kwenu."

Hapo ndipo ziara ilipogeuka. Karne ya 19, Zanzibar ilikuwa ghala la Afrika Mashariki. Misafara mingi ilipita Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, lakini mingine ilianzia Pangani, Tanga na Mombasa ikaingia nchi ya Wamaasai kutafuta pembe. Pembe hizo zilibebwa mabegani mpaka pwani, zikapanda meli, na nyingi zikaishia Connecticut, Marekani, kutengenezewa vitufe vya piano na vitana.

Na misafara haikwenda mikono mitupu. Ilibeba kitambaa cha pamba kilichoitwa "merikani" kwa sababu kilitoka Marekani, waya wa chuma na shaba, na shanga za kioo, nyingi kutoka Venice. Kupita nchi ya watu ulilipa hongo. Zamani hizo hongo ilikuwa ushuru wa njia, siyo hii ya siku hizi ya kupenyezwa chini ya meza. Mskoti Joseph Thomson, aliyekusanya msafara wake Zanzibar mwaka 1883, alilazimika kusimama Taveta ili shanga zake zitungwe upya kwa urefu ambao Wamaasai walikuwa wanaukubali. Si kwamba walipokea chochote walichoonyeshwa. Walikuwa wateja wenye masharti, na biashara ya Zanzibar ikawafuata.

Kuna na huyu Oscar Baumann, Mwaustria. Machi 1892 aliingia kreta ya Ngorongoro na msafara alioanza nao Tanga, akakuta Wamaasai wanakufa njaa baada ya sotoka kumaliza ng'ombe. Wazee wanakiita kipindi hicho emutai. Miaka michache baadaye huyohuyo akawa balozi mdogo wa nchi yake hapa hapa Zanzibar. Njaa ya kina babu iliandikwa na mtu aliyekuja kuishi kisiwani hapa.

Kijana mmoja akanuna. "Kwa hiyo hata shanga si zetu? Zililetwa na meli?"

Mzee akamwonyesha mama aliyekuwa anapita na kanga. "Hizo nazo kwa miaka mingi zilichapwa India na Ulaya, baba. Nani atamwambia mama yule kwamba kanga si yake?"

Kijana akanyamaza. Kioo kilitoka mbali, ila mpangilio wa rangi, ipi inavaliwa na nani na lini, vyote hivyo ni kazi ya vidole vya bibi zao. Hakuna meli iliyoleta hiyo.

UNESCO iliiweka Ngorongoro kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 1979, na Mji Mkongwe mwaka 2000. Mgeni anaweza kutembelea kote kuwili, akajua masultani wote na wanyama wote, asisikie habari za watu waliounganisha sehemu hizo mbili kwa miguu. Wapagazi hawakujengewa kasri. Wamaasai waliohamishwa Serengeti mwaka 1959 nao hawakuacha majumba ya mawe ya kuonyeshwa watalii. Historia yao iko midomoni mwa wazee, na wazee wanaondoka.

Jioni ya mwisho walikaa Forodhani, urojo mkononi, juisi ya miwa pembeni. Mtalii mwingine akaja, akanyoosha kidole shingoni kwa binti: bei gani?

"Haziuzwi," akajibu. Kisha akasogea kumpisha nafasi. "Ila kaa, nikuambie zilivyofika Arash."