Sumu ya Kipindupindu

Sumu ya kipindupindu ni protini itolewayo na bakteria aitwaye Vibrio cholerae, nayo ndiyo sababu hasa ya kuhara kwa ghafula choo kama maji yaliyooshewa mchele. Bakteria huyo, akiisha kuingia mwilini kwa maji au chakula chenye najisi, hujishikiza kwa vinyweleo vyake kwenye ukuta wa utumbo mwembamba, wala hapenyi zaidi ya hapo. Sumu yake, yenye sehemu tano za kushika na moja ya kudhuru, ndiyo iingiayo katika seli na kuzilazimisha, pasipo kuziua, kumwaga chumvi na maji bila kiasi, hata mgonjwa asiyetibiwa aweza kufariki kwa muda wa saa chache.

Mwanasayansi Robert Koch alikisia kuwapo kwa sumu hiyo mwaka 1884, lakini uthibitisho ulitolewa na mtafiti Sambhu Nath De mjini Calcutta mwaka 1959, kazi adhimu ambayo kwa miaka mingi haikupata heshima iliyostahiki. La ajabu zaidi, jambo lililobainishwa mwaka 1996, ni kwamba jeni za sumu hiyo zimeletwa na kirusi kilichojipachika katika urithi wa bakteria.

Kwa kuwa seli za utumbo husalia hai, nazo zingali zikifyonza sukari pamoja na chumvi, maji yaliyotiwa viwili hivyo kwa vipimo sahihi, yakinywewa mapema, huwaokoa wagonjwa walio wengi.