Jinsi mkulima alivyoshuka kwenye kwadi akaingia kwenye bagi

Tangu tarehe 11 Oktoba 2021, hakuna muuzaji nchini Australia anayeruhusiwa kuuza pikipiki mpya ya magurudumu manne ya kazi za shamba, ile ambayo wengi huiita kwadi, bila kinga iliyofungwa nyuma ya kiti. Kinga hiyo ina kazi moja tu: pikipiki ikipinduka, ibakize upenyo kati ya chombo na ardhi, ili aliyekuwa akiendesha asibanwe kifua mpaka akakosa pumzi. Kampuni za Honda na Yamaha zilipinga, zikidai faida ya kinga hizo haijathibitishwa, kisha zikatangaza kwamba zitaacha kuuza kwadi za kazi katika nchi hiyo.

Wakati sheria inaanza kutumika, wakulima wengi walikuwa wameshahama. Walikuwa wakinunua bagi, yaani kigari kifupi chenye viti viwili vilivyo ubavu kwa ubavu, usukani wa mviringo, mikanda, na kizimba cha mabomba ya chuma juu ya vichwa. Sisi huku vyombo hivi viwili tunavifahamu zaidi kwa watalii wa Zanzibar, Diani au Jinja, na ni rahisi kudhani ni vitu vya starehe. Kwa mfugaji wa kondoo wa Victoria au New South Wales ni vyombo vya kazi za kila siku, na vimezika watu wengi.

Chanzo cha kwadi kilikuwa baridi. Mwishoni mwa miaka ya 1960, wauzaji wa Honda nchini Marekani waliomba kitu cha kuuza miezi ya theluji, kwa sababu majira hayo hakuna anayenunua pikipiki. Mhandisi Osamu Takeuchi alipewa kazi hiyo, na mwaka 1970 ikatoka US90, baadaye ATC90: magurudumu matatu, injini ndogo, na matairi mapana yenye upepo kidogo sana, laini kiasi cha kupita juu ya theluji, mchanga na matope bila kuzama. Mwaka 1971 James Bond alionekana akiiendesha katika filamu ya *Diamonds Are Forever*. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Honda ilikuwa ikiuza Big Red, yenye raki za mizigo, na wakulima wakaipenda.

Lakini tazama inavyokata kona. Magurudumu mawili ya nyuma yamefungwa kwenye eksele moja isiyo na difu, kwa hiyo yote mawili huzunguka kwa kasi ileile. Ukigeuza usukani tu, chombo hutaka kwenda mbele moja kwa moja. Ili kigeuke, dereva hana budi kuuegemeza mwili wake upande wa ndani wa kona na kuukanyagia kwa nguvu mguu wa nje, ili gurudumu la ndani lipate kuteleza. Asiyejua hufanya kinyume: huweka mguu chini, na tairi la nyuma humpanda mguuni. Na mbele kuna gurudumu moja tu la kuzuia kisianguke.

Suzuki ilileta QuadRunner LT125 ya magurudumu manne kwa mwaka wa 1983, na Honda ikafuata na kwadi inayovuta kwa magurudumu yote manne mwaka 1986. Huku nyuma majeruhi walikuwa wakiongezeka, wengi wao watoto. Mwaka 1988 serikali ya Marekani, kupitia tume yake ya usalama wa bidhaa, ilifikia makubaliano mahakamani na Honda, Yamaha, Suzuki, Kawasaki na Polaris: mauzo ya magurudumu matatu yakome, wanunuzi wapewe mafunzo, na kwadi kubwa zisiuzwe kwa ajili ya watoto wa chini ya miaka 16.

Gurudumu la nne lilisaidia. Halikuondoa kiini cha tatizo. Kwadi hukaliwa kama farasi, na mwili wa dereva ni sehemu ya mizani yake. Anayepanda mlima husogea mbele, anayeteremka husogea nyuma, anayepita ubavuni mwa mteremko huinamia upande wa juu. Kijana mzima katika mashindano huyafanya hayo bila kufikiri. Mkulima wa miaka sitini na kitu, jioni amechoka, tangi la dawa ya magugu likisukasuka maji nyuma yake na shingo ameigeuza akimtazama kondoo aliyechepuka, hawezi. Na chombo cha kilo 300 kikimlalia akiwa peke yake mbali na nyumba, hakuna wa kukiinua.

Bagi ilizaliwa kwa njia nyingine kabisa. Kawasaki ilitoa Mule mwaka 1988, kigari cha polepole cha kubebea nyasi na zana. John Deere ilifuata na Gator mwanzoni mwa miaka ya 1990, kisha Polaris na Ranger mwaka 1998. Hakuna aliyevifikiria kama mbadala wa kwadi mpaka Yamaha ilipotoa Rhino mwishoni mwa 2003. Hiyo ilikuwa na wepesi wa kwadi na viti vya gari, na iliuzika sana.

Nayo ilipinduka. Mwezi Machi 2009, baada ya tume ileile ya Marekani kuchunguza ajali zaidi ya 50 zilizohusisha vifo vya watu 46, Yamaha ilikubali kusimamisha mauzo ya Rhino kwa muda na kuzifanyia marekebisho bila malipo: magurudumu ya nyuma yasogezwe nje, na fito ya nyuma ya kuzuia mlalo iondolewe. Baadhi ya ajali zilionekana kutokea kwenye kona, mahali tambarare, mwendo ukiwa mdogo kiasi. Hili lina uzito kwangu, kwa sababu wapo wanaoisimulia historia hii kana kwamba kizimba na mkanda vilimaliza kazi.

Kilichowahamisha Wamarekani wengi ni kipimo cha upana. Njia nyingi za misituni zilifunguliwa kwa vyombo visivyozidi inchi 50, kama sentimeta 127, kipimo kilichowafaa watu wa kwadi. Mwaka 2007 Polaris ilitoa RZR yenye upana huohuo. Aliyekuwa akipita njia zile peke yake sasa aliweza kupita na mkewe, mzazi wake au rafiki asiyeweza kuendesha.

Australia ilihama kwa sababu nyingine. Kwa miaka mingi kauli ya watengenezaji ilikuwa kwamba tatizo ni dereva: afundishwe, avae kofia ngumu, asipakie mtu. Chuo Kikuu cha New South Wales kikaamua kupima chombo chenyewe. Watafiti wake wakaweka kwadi na bagi kwenye jukwaa la kuinamisha na kuona kila moja inaanza kuanguka kwa pembe gani, na bagi kwa jumla zikaonekana imara zaidi. Mwaka 2015 makorona, yaani mahakimu wa uchunguzi wa vifo, wa Queensland na New South Wales, kila mmoja katika jimbo lake, walichunguza vifo kadhaa vya kwadi na kutoa mapendekezo. Jimbo la Victoria likatoa ruzuku: hadi dola 600 kwa kununua kinga ya kwadi, na hadi dola 1,200 kwa atakayenunua chombo kinachofaa zaidi, kama bagi. Hatimaye ikaja sheria ya 2021, ambayo pamoja na kinga inataka kwadi mpya ya kazi isimame bila kuanza kupinduka kiubavu mpaka mteremko ufike nyuzi 28.81.

Naiheshimu sana hatua hiyo. Nusu karne nzima mzigo wa kuzuia chombo kisipinduke ulikuwa juu ya nyonga na magoti ya mwendeshaji, na alipokufa alilaumiwa yeye. Australia ilipeleka sehemu ya mzigo huo kwa anayekitengeneza na kukiuza.

Hata mashindano yamegeuka. Dakar, mbio za jangwani zinazofanyika Saudi Arabia tangu 2020, zilizipa bagi kundi lao mwaka 2017. Kwadi zilishiriki mara ya mwisho mwaka 2024, Manuel Andújar wa Argentina akiibuka mshindi, na mwaka uliofuata kundi lao likaondolewa.

Wafugaji waliobaki na kwadi wana hoja. Ni nyepesi, hupita kwenye lango jembamba, na mtu huruka chini kumdaka kondoo kwa sekunde moja. Ndani ya bagi kuna mlango au wavu wa kufungua na mkanda wa kufungua, mara nyingi mno kwa siku, na hapo ndipo hatari inaporudi: mtu huuacha mkanda. Bagi ikilala kiubavu, asiyefunga mkanda hurushwa nje, na mabomba yaliyowekwa kumlinda ndiyo humwangukia. Baadhi ya watengenezaji wameweka kifaa kinachozuia mwendo usizidi takriban kilomita 24 kwa saa mpaka dereva afunge mkanda. Na wapo madereva wanaoufunga nyuma ya mgongo wao, wakaukalia, ili kifaa kinyamaze.