Kioo na Ukuta katika Usukuma

Nyumba ya asili ya Msukuma ilikuwa msonge. Ukuta wake wa mviringo haukufaa kutundikwa kioo kikubwa, lakini ulifaa kuchorwa. Bayeye, chama cha wacheza nyoka, walichora kwa rangi za udongo picha za nyoka, watu na wanyama katika nyumba zao za mafunzo, na mwanachama mpya alijifunza ukutani elimu ya wakubwa wake. Mtafiti Hans Cory alizichapisha picha hizo kitabuni mwaka 1953.

Pamba, almasi ya Mwadui iliyogunduliwa mwaka 1940, na dhahabu ya Geita zilileta fedha, na fedha zikaleta nyumba za pembe nne zenye mabati. Operesheni Vijiji ya mwaka 1974 mkoani Shinyanga nayo ikawahamisha wengi kutoka makao yao ya zamani. Ukuta ulionyooka ulipopatikana, kioo kikubwa kikapata mahali pake, na sebule ndogo ikaonekana pana yenye mwanga.

Hatukilaumu kioo. Lakini kioo humwonyesha mtu sura yake tu, naye akiondoka hakibaki na kitu. Ukuta uliochorwa ulihifadhi elimu ya waliotangulia. Basi tunapotundika vioo vyetu, tuwabakizie watoto ukuta mmoja wa kuchora.